Zongora Haiombolezi

Timișoara, 6 Oktoba 1974

Dada yangu Docia,

Niwie radhi kwa kimya changu cha tangu mwezi wa Juni. Barua zako zote zilinifikia, na nilizisoma zaidi ya mara moja, lakini kila nilipokaa kujibu jambo fulani lilinizuia. Usinidai maelezo. Wala usiushangae mwandiko: kalamu hii ni mbovu na meza yetu inayumba.

Hapa hatujambo. Mke wangu Sidonia anasumbuliwa na miguu, lakini mdomo wake ni mzima na unakusalimu. Jua la mwaka huu liliziunguza nyanya zake zote alizozipanda barazani. Kiwandani tunatengeneza viti, viti, viti. Kama nchi nzima ingeamua kuketi leo, vingine vingebaki. Mimi siku hizi wamenihamishia ghalani. Nagawa misumari na gundi. Ni kazi nyepesi, sina la kulalamika.

Nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wako Parasca amechumbiwa, na kwamba arusi itakuwa baada ya Pasaka. Umeniuliza kama nitakuja kumpigia zongora siku atakapotolewa langoni, kama nilivyokuwa nikipiga zamani nikiwa pamoja na marehemu shemeji Grigor. Dada, zongora gani? Zongora ya Grigor ilichukuliwa na watu wa nyumba ya utamaduni baada ya mazishi, na sasa imefungiwa nyuma ya kioo. Wale hawarudishi kitu. Isitoshe, vijana wa leo wanataka bendi yenye vipaza sauti. Gitaa la nyuzi tatu linalopigwa kwa sauti moja isiyobadilika litawachekesha.

Ruhusa ya kazi nayo ni ngumu kuipata. Tutaona.

Ndugu yako,
Gavrila


Valea Arinului, 27 Oktoba 1974

Mdogo wangu Gavrila,

Tumsifu Yesu Kristo. Kimya chako nimekiwia radhi. Mwandiko wako sikuuwia. Nilikufundisha kuandika mimi mwenyewe, kwenye ubao wa mkate, kabla hujaenda shule, na sikukufundisha kuandika hivi. Meza ikiyumba, mtu huweka kipande cha kigae chini ya mguu wake.

Nyumbani wote ni wazima. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo hakuna aliyefurahi ila dume lenyewe. Tumekwisha kuchemsha pombe ya plamu, na mwanangu Maftei ameionja kwa bidii iliyopita kiasi. Parasca anafuma mashuka yake. Anafuma vibaya, lakini anafuma.

Sasa lililo muhimu. Nilikwenda wilayani kuidai zongora ya mume wangu. Kijana aliyevaa tai alinipeleka mpaka mbele ya kioo, akaniambia, "Mama, hiki sasa ni mali ya watu wote."

Nikamwambia, "Vizuri. Mimi ni mmoja wao. Nipe."

"Kinatazamwa, mama, hakiguswi."

"Mwanangu, una mke?"

"Ninaye."

"Basi kamtundike ukutani naye, uone atakavyokuwa baada ya mwaka mmoja."

Hakunipa. Nyuzi zimelegea, ubao wa mbele umeanza kupasuka kwa ukavu wa jumba lile, na chini yake wameweka kibao kinachosema kwamba sisi tulikuwa tukiitumia. Tulikuwa! Nilisimama pale nikasoma neno hilo nikiwa hai.

Kwa hiyo nitaunda nyingine. Usicheke. Kisanduku cha vyombo vya Grigor ninacho: misumeno miwili, randa, patasi, tupa, na kile kisu chake kifupi. Miaka yote ya ndoa yetu nilimshikia mbao huku yeye akichonga, na macho yangu hayakuwa yamefungwa. Shingo itakuwa ya mplamu, ule uliokufa nyuma ya zizi. Mbavu zitakuwa za mcheri. Ubao wa mbele lazima uwe msonobari wa mlimani uliokauka kwa miaka mingi, na msitu, kama ujuavyo, ni wa serikali. Lakini mbao hizo ninazo. Usiniulize nimezitoa wapi.

Nimekuuliza kama utakuja, nawe ukanijibu habari za nyanya. Mimi nitaiunda, wewe utaipiga. Ulikaa kando ya Grigor majira kumi ya baridi, na hapa kijijini hakuna mwingine aliyebaki anayejua. Bibi arusi wa nyumba hii hajawahi kutoka langoni bila zongora, na hatatoka bila zongora nikiwa na pumzi.

Utakuja? Nijibu kwa neno moja.

Dada yako,
Docia


Timișoara, 1 Desemba 1974

Dada Docia,

Nimechelewa tena. Baridi imeniingia mkononi, na ndiyo sababu ya herufi kukaa kama walevi.

Sidonia amepona miguu. Paka wa jirani amezaa katika sanduku letu la mbatata, na Sidonia hataki kuwafukuza, basi tunakula wali.

Kwa posta nimekutumia gitaa la dukani, jipya, lenye rangi ya kung'aa na nyuzi sita. Linaweza kupiga sauti za furaha na za huzuni, lolote analotaka mtu. Umri wako si wa kusukuma randa. Vidole vyako vilikuwa vimeanza kuvimba toka kule mazishini. Niliviona uliposhika mshumaa. Mtu anaweza kupata hasara kubwa kwa chombo chenye makali, kubwa kuliko anavyodhani, na kwa muda mfupi tu. Nakuomba uache.

Kama hutaacha, basi angalau usizikunje mbavu juu ya moto wa wazi. Zitaungua nje na kuvunjika ndani. Chemsha maji, ziloweke mpaka zilegee, halafu zizungushe kwenye bomba la jiko likiwa moto kiasi cha kutoa mlio ukilitemea mate. Usizisukume. Zingoje. Mcheri hukuambia wenyewe ukiwa tayari.

Na ubao wa mbele ni upi? Naujua msitu wetu na namjua mlinzi wake. Usije ukaniletea aibu ya polisi.

Habari ya ruhusa bado.

Gavrila


Valea Arinului, 6 Januari 1975

Mdogo wangu Gavrila,

Tumsifu Yesu Kristo, na heri ya sikukuu zote ulizokaa mbali nasi. Tulichinja nguruwe. Maftei alianguka kwenye barafu akiwa amebeba ndoo ya maji ya baraka, naye sasa ndiye mtu aliyebarikiwa kuliko wote bondeni. Jirani yangu Hafia anakusalimu. Naye utamsikia hapa chini.

Gitaa lako limefika. Nimeligonga. Sauti yake ni ya mtu anayeomba msamaha. Umeandika kwamba linaweza kupiga sauti ya huzuni, kana kwamba hiyo ni sifa. Umesahau upesi. Fidla hulia itakavyo, kwa sababu fidla ni mtu. Lakini zongora inayopigwa nayo ina sauti moja tu, ya furaha, hata wimbo uwe wa kumsindikiza mama yako kaburini. Zongora haiombolezi. Ndiyo kazi yake. Vigingi vya chuma vya gitaa lako ni vizuri, nimeving'oa. Katika tumbo lake nimeweka maharage.

Bomba la jiko ulilosema nimelitumia. Ubavu wa kwanza ulivunjika kwa sababu niliusukuma. Wa pili niliungoja, nao ukakunjika kama mkate ambao haujaiva. Bomba nalo limenichoma kiwiko, lakini kiwiko ninacho kingine. Gundi nimeichemsha kwa ngozi za masikio ya yule nguruwe, na nyumba nzima inanuka. Kwa kubana nimetumia mawe yanayokandamiza kabichi ya chumvi ndani ya pipa. Kwa juma zima kabichi ilielea, na Maftei aliilalamikia kuliko alivyolalamikia goti lake.

Umeuliza ubao wa mbele. Sitakuficha, kwa kuwa kijiji kizima kimekwisha kujua. Unakumbuka kwamba Grigor alipasua mbao za majeneza yetu, yake na yangu, majira yale ya baridi mwezi ulipokuwa ukipungua, akazipandisha darini zikauke. Zake alikwenda nazo. Zangu zilikuwa zinaningoja. Nimechukua kifuniko.

Hafia alinikuta nikikisukuma randa. Alijishika kichwa.

"Docia! Hizo si zile mbao?"

"Ndizo."

"Na wewe utazikwaje? Bila kifuniko?"

"Bila kifuniko, shoga yangu. Nitawaona vizuri wanaonisema."

Alikimbia moja kwa moja kwa Padri Simion. Padri naye akaja, akaketi, akala, akajifuta ndevu, kisha akasema, "Mama Docia, kilichotengwa kwa mauti si vyema kukirudisha kwenye ngoma."

Nikamwuliza, "Baba, imeandikwa wapi?"

Akajifuta ndevu tena. "Ni desturi," akasema.

"Na kumtoa bibi arusi kwa zongora ni nini?"

Akaomba kipande kingine cha nyama.

Ubao ni mzuri, Gavrila. Mistari yake imenyooka na kubanana kama nywele zilizochanwa. Nimeupunguza kidogo kidogo, nikinyunyiza unga wa mahindi juu yake na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Mahali unga unaporuka, ubao umekuwa mwembamba wa kutosha. Mahali unga unapolala, narudi na randa. Grigor alifanya hivyo hivyo, kisha tulikuwa tukiupika ule unga ugali. Nami niliupika. Ulikuwa na ladha ya msonobari.

Hujanijibu neno moja nililokuomba.

Docia


Timișoara, 20 Februari 1975

Dada,

Salamu za hapa ni chache. Sidonia ni mzima.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwanamume mkubwa aliyebaki, na kwa haki hiyo nakuambia: zirudishe mbao darini. Funga kisanduku. Kuna mambo ambayo mtu hayafanyii mzaha, na kifuniko cha jeneza ni mojawapo. Watu watasema kwamba Docia ameyaita mauti kwenye arusi ya mjukuu wake. Na jambo lolote baya litakalotokea, hata mtoto akikohoa, watakuonyesha kidole wewe.

Nawe ulitaka neno moja. Hili hapa: sitakuja.

Usiniulize sababu.

Gavrila


Valea Arinului, 30 Machi 1975

Mdogo wangu Gavrila,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumo katika Kwaresima. Tunakula maharage na tunachukiana kwa upole. Yale maharage ya gitaa lako yamesaidia. Theluji imetoka malangoni lakini haijatoka vivulini. Parasca amemaliza mashuka, na mchumba wake ameyasifu, jambo linaloonyesha kwamba kweli anampenda.

Neno lako moja nimelipata. Umeandika pia kwamba wewe ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo. Ni kweli, na mimi ndiye niliyekufunga nepi. Mbao hazikurudi darini. Haziwezi, kwa sababu si mbao tena.

Zongora imekwisha. Tundu lake la sauti nimelichonga kamba kuzunguka ukingo, kamba ile ile iliyo kwenye nguzo za lango letu. Haikukaa sawa upande mmoja, kisu kiliteleza, nami nimeiacha hivyo. Taruma za ndani, za kuushikilia ubao, ni tatu. Shingo imenyooka. Rangi sikuipaka, kwa kuwa sikuona kosa katika rangi iliyokuwa nayo.

Na kwa kuwa hutakuja, nitaipiga mimi. Soma tena ukitaka. Mimi, mwanamke, mjane, nitakaa kando ya fidla nikiwa nimeisimamisha zongora kifuani, na Parasca atatoka langoni.

Nilikwenda kumwambia mpiga fidla, Toader, kwa kuwa fidla haipigwi peke yake. Alikuwa anakata kuni. Hakusimamisha hata shoka.

"Docia, mwanamke na zongora ni kama kuku na mabuti."

"Ukimuona kuku aliyevaa mabuti, Toader, mpishe. Anakwenda mahali."

"Sitapiga na wewe. Watu watanicheka."

"Wamekucheka tangu ulipomwoa dada yake Hafia. Umezoea."

Akakata gogo moja kwa hasira, nami nikaondoka.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba katika Kwaresima hakuna mkono unaogusa ala hapa bondeni mpaka kengele za Pasaka. Nilifunga nyuzi kwa ajili ya kuuzoeza ubao mvuto tu, nikazikaza polepole, na nilikuwa nimekusudia kungoja. Sikungoja. Nilipiga mara moja, kwa nguvu zote, kama anavyopigwa ng'ombe aliyeingia bustanini. Madirisha yaliitika. Kuku walinyamaza. Gavrila, ilikuwa sauti yake yeye, Grigor, akiwa na miaka thelathini, akiwa na njaa.

Kisha nikaketi nikingoja kijiji kije kunihukumu. Hafia alifunga dirisha lake kwa kishindo ili nijue kwamba lilikuwa wazi. Na baada ya kitambo nikamwona Toader amesimama nje ya lango, kofia mkononi, akitazama barabarani kama mtu anayengoja basi. Kwenye barabara yetu!

"Sikusikia kitu," akasema.

"Hakukuwa na kitu."

"Ni Kwaresima. Mimi sisikii mambo kama hayo."

"Vizuri."

Akavaa kofia, akapiga hatua mbili, akageuka. "Lakini uzi wa kati umepanda kidogo."

Akaenda zake. Kesho yake nilisikia kwamba ameagiza nyuzi mpya za fidla.

Pamoja na barua hii nimekutumia kifurushi: jozi, uyoga mkavu, na kipande cha pembe ya ng'ombe nilichokichonga kikawa chembamba, nikakishonea ukanda wa ngozi wenye kifungo. Ukanda huo unaenea kiganja cha mtu mzima. Sijui ni wa kazi gani. Labda wewe utajua.

Na tena: ulipokuwa mtoto herufi zako zilikuwa zikilalia kulia. Tangu Oktoba zinalalia kushoto. Sisemi kitu.

Docia


Timișoara, 13 Aprili 1975

Docia,

Nani amekuambia? Sidonia anaapa kwamba si yeye. Ameapa mbele ya sanamu ya Mama Mtakatifu, basi namwamini. Lakini wewe hukuota.

Haya. Mwezi wa Julai mashine ya randa ilinichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kilichobaki ni gumba na kidole kidogo, kama kaa. Haukuwa ulevi, wala haukuwa uzembe. Ubao ulikuwa na fundo, ukaruka, basi. Hospitali walinishona vizuri. Ndiyo maana nipo ghalani, na ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza, kila barua nikiimaliza kwa siku tatu. Sasa umejua. Umefurahi?

Sikutaka ujue, wala sikutaka kijiji kijue. Nilitoka bondeni nikiwa Gavrila aliyekuwa akipiga zongora mpaka jua linapochomoza, wasichana wakimwaga pombe kwa kunitazama mimi. Hivyo ndivyo ninavyokumbukwa huko. Unataka nirudi nikaketi mbele ya watu wote nikiwa na ukucha wa kaa uliofungwa pembe kwa ukanda, ili Hafia ajishike kichwa? Ili wasichana wale, ambao sasa ni mabibi, wafute machozi kwa ncha za vilemba? Sitakuwa dubu wa maonyesho. Sikubali kuhurumiwa, na wewe ndiye uliyenifundisha kutokubali.

Hiyo pembe nimeitia kwenye kabati. Jozi tumekula.

Piga wewe. Umekwisha kuamua. Unaweza.

Gavrila


Valea Arinului, 20 Aprili 1975

Mdogo wangu Gavrila,

Tumsifu Yesu Kristo. Hakuna aliyeniambia. Mtu aliyehamishwa kutoka kwenye mashine na kupelekwa kugawa misumari, akaanza kunionya juu ya vyombo vyenye makali, kisha akaandika kwa mkono ambao si wake, hahitaji mtu wa kumchongea. Anajichongea mwenyewe.

Nililia siku moja. Sasa nimemaliza, na nitakuambia ninayoyafikiri.

Umesema hukubali kuhurumiwa. Vema sana. Basi usijihurumie. Nani amekuambia kwamba watu watalia? Huwakumbuki watu wako. Toader amebaki na meno mawili, na kila anapoinama kwenye fidla watoto humwuliza anakwenda kuing'ata. Padri Simion ana sikio moja linalosikia, nalo si lile la kuungamia. Maftei bado anachechemea kwa ajili ya maji ya baraka. Mimi nimekuwa mwanamke atakayezikwa bila kifuniko, na mtaani wananiita Docia wa Wazi. Siku ya kwanza watakuita Kaa, siku ya pili watakuita Kaa kwa mazoea, na siku ya tatu watakuuliza kwa nini Kaa hajaja kunywa.

Vidole vitatu ni vitatu. Sisemi ni kitu kidogo. Lakini zongora haikuhitaji vidole hivyo vya kulia hata zamani. Ilihitaji kiwiko, bega, na jicho lisilouacha upinde wa fidla. Kushika kipigio, ile pembe ya kupigia nyuzi, ndiko kulikohitaji vidole, na kwa hilo upo ukanda. Mkono wako wa kushoto, unaobana nyuzi, mashine haikuugusa. Nimefikiri yote hayo mimi peke yangu, juu ya ubao, kabla sijashona kifungo.

Nisikilize vizuri, kwa sababu sitarudia. Parasca nitamtoa langoni mimi. Hilo limekwisha, hata ukija na vidole ishirini sitakuachia. Toader amekubali. Amesema kwamba atakuwa ametazama upande mwingine, na kama zongora itasikika si kosa lake. Lakini baada ya lango kuna ngoma, na ngoma ya arusi yetu unaijua: mpaka asubuhi, juu ya sakafu ya mbao, visigino vikipigwa kama mvua ya mawe. Bega langu halitafika usiku wa manane. Maftei alitaka kuita bendi ya wilayani ikae tayari kunipokea nitakapochoka. Nimemwambia kwamba bendi ikivuka lango langu nitaifungulia dume.

Kando ya Toader kutakuwa na kiti. Kitakuwa wazi. Nitakapochoka nitaiegemeza zongora juu ya kiti hicho, na kama hakuna wa kuichukua, ngoma itaishia hapo, na watu watakwenda kulala mapema kwa mara ya kwanza tangu bonde hili liumbwe. Wakiuliza ni kwa ajili ya nani, nitawaambia.

Arusi ni Jumapili ya pili baada ya Pasaka.

Docia


Timișoara, 2 Mei 1975

Dada Docia,

Barua yako ilifika Jumamosi. Najibu upesi kuliko kawaida, kwa sababu mkono wa kushoto umeanza kuelewa kazi. Utaona kwamba herufi zimesimama kidogo.

Sidonia anakusalimu kwa Pasaka. Wale paka wamekua na wamehamia kwa jirani wa chini. Jirani huyo ana malalamiko mengine pia: siku hizi hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Huo ukanda wako ulikuwa mrefu. Ilinibidi niutoboe matundu mawili zaidi. Ilinibidi pia niupime, kuona kama unashika. Kwa kuwa ni Kwaresima na mimi si mpagani kama watu wengine, sikugusa ala. Nimekuwa nikipiga mgongo wa kiti. Kiti si ala. Mara ya kwanza pembe iliruka ikaingia kwenye supu ya Sidonia. Sasa hairuki.

Uzi wa kati ushushe. Toader ni mwongo kwa mengi, lakini kwa sauti hajawahi kukosea. Ushushe robo tu ya mzunguko, kisha uache usiku mmoja. Ubao usiozoea mvuto hujitanua, na asubuhi utakuta uzi umeshuka wenyewe kilichobaki.

Kuhusu kifuniko. Hapa ghalani zimeletwa mbao za msonobari wa mlimani zenye mistari iliyonyooka, na mkuu wa ghala ana deni la hisani kwangu. Nitakuchongea kingine, kwa randa ya mkono, mimi mwenyewe. Nitakichonga polepole sana, basi usiniharakishe, na usithubutu kukihitaji kabla sijamaliza.

Na kuhusu kile kiti. Usiweke kile cha sebuleni chenye mikono. Mkono wa kiti huzuia kiwiko, na mtu hawezi kupiga mpaka asubuhi akiwa amebanwa upande wa kulia. Weka kile kifupi cha jikoni, alichokuwa akikalia Grigor. Kama mguu mmoja bado unayumba, weka kigae chini yake.

Nimeomba ruhusa kiwandani; hawajanijibu. Hata wakinijibu, sijasema kwamba nitakuja. Bado nafikiri. Nikishaamua, nitakuandikia.

Kaa